MIJI YA NYOTA IGONGANAPO
Somo juu ya nuru iliyofichwa na vumbi

Masomo tuyaletayo katika kurasa hizi mengi yake huzaliwa na maswali ya barazani, na hili nalo halikutoka penginepo. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, umeme ulikuwa umekatika mji mzima wa Malindi, na mbingu zilikuwa wazi hata mtu angeweza kuzihesabu nyota mpaka akachoka. Kijana mmoja katika darasa letu akauliza: "Nimesoma kwamba nyota zetu hizi zote siku moja zitagongana na nyota za ulimwengu mwingine. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, hicho si ndicho Kiyama chenyewe?"

Kabla hatujajibu, mzee mmoja wa hapo mtaani akatangulia: "Mwanangu, hayo ni mambo ya Wazungu. Yatakufaa nini wewe wa Malindi?"

Tukanyamaza kidogo. Tuliona kwamba swali la kijana na jibu la mzee, yote mawili yataka kupimwa kwa mizani. Kijana aliharakisha kuifunga khabari ya wanajimu na jambo la ghaibu. Mzee naye aliharakisha kuufunga mlango ambao, kama tutakavyoonyesha, sehemu yake ilifunguliwa katika bahari yetu wenyewe, pale Ngomeni. Kwa hivyo tukaahidi kuliandika somo hili. Tutaanza na yaliyo mepesi, kisha tupande daraja kwa daraja.

1. Galaksi ni nini?

Jua letu ni nyota moja katika mkusanyiko wa nyota zaidi ya bilioni 100. Mkusanyiko kama huo huitwa galaksi, nasi katika somo hili twaweza kuuita mji wa nyota. Mji wetu ndio ule mshipi mweupe ukatao mbingu usiku wa giza. Kwa Kiarabu waitwa Majarra, na katika vitabu vya Kiswahili waitwa Njia Nyeupe.

Ili kuupima mji huo, kilomita hazitoshi. Nuru yatoka juani hata kutufikia kwa muda wa dakika 8 hivi. Nuru hiyo hiyo, kuukata mji wetu toka ukingo hata ukingo, yahitaji miaka kadiri ya 100,000. Mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja ndio uitwao mwaka wa nuru, nao ni kadiri ya kilomita trilioni 9.5, na trilioni ni milioni ya milioni.

Wala miji ya nyota si mmoja. Katika usiku wa mwezi wa Novemba, panapo saa tatu hivi, mtu wa Malindi aangaliaye upande wa kaskazini, mahali pasipo taa, huweza kuona kiwingu kidogo hafifu kisichohama kama mawingu ya mvua. Hicho ni galaksi ya Andromeda, iliyo mbali nasi kadiri ya miaka ya nuru milioni 2.5. Maandishi ya zamani kabisa yajulikanayo yanayokitaja kiwingu hicho ni ya Abd al-Rahman al-Sufi, mtu wa Rayy katika Uajemi, aliyekiandika katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964. Yeye hakujua ni kitu gani. Aliandika alichokiona, akaacha kudai asichokijua. Ilipita miaka zaidi ya 900, hata katika miaka ya 1920, ndipo Edwin Hubble wa Marekani alipothibitisha kwamba kiwingu kile ni mji mwingine wa nyota ulio nje ya mji wetu.

2. Nuru isiyoonwa kwa macho

Sasa yatupasa kujua jambo la pili, nalo ni kwamba nuru yote si ile tuionayo. Ingia jikoni usiku. Makaa yamekwisha kupoteza wekundu wake, na majivu yameyafunika. Jicho lasema hapana moto. Lakini nyoosha mkono juu ya jiko: mkono wakwambia moto upo. Ule ujoto uupigao mkono bila ya kuguswa ni nuru pia, ila ni nuru ambayo jicho halikuumbiwa kuipokea.

Mwaka 1800, William Herschel, mwanajimu aliyekaa Uingereza, aliipasua nuru ya jua kwa kipande cha kioo hata ikatoa rangi zake, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kimoja nje ya ukingo wa wekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote, kipimajoto kilipanda kuliko vyote. Nuru hiyo iliyo nje ya wekundu ndiyo leo iitwayo infraredi.

Kila kitu chenye ujoto hutoa nuru ya namna hii: jiko, mwili wa mtu, ukuta wa mawe uliopigwa na jua mchana kutwa, hata barafu. Tofauti ni ya kiasi tu. Basi mtu azitazamaye mbingu kwa macho peke yake ni mfano wa mtu asimamaye mlangoni pa jiko akahukumu kwa majivu.

3. Chombo cha mwaka 1983

Nuru nyingi ya infraredi huzuiwa na hewa ya dunia yetu isifike chini. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Januari 1983, Marekani, Uholanzi na Uingereza zilishirikiana kurusha angani darubini iliyoitwa IRAS. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 57 hivi, nayo ilipozwa kwa heliamu ya majimaji hata ikakaribia nyuzi 270 chini ya sifuri. Msomaji atauliza: kwa nini kuipoza hivyo? Ni kwa sababu darubini yenye ujoto nayo hung'aa kwa infraredi. Aitumiaye kutafuta infraredi ya mbali ni kama mtu atafutaye vimulimuli huku amechukua taa ya karabai mkononi.

Chombo hicho kilifanya kazi miezi 10, kikaikagua asilimia 96 ya mbingu, hata heliamu ikaisha. Katika vitu vingi kilivyovikuta, vilikuwamo galaksi ambazo kwa macho ya darubini za kawaida hazikuwa na ajabu kubwa. Zilikuwa hafifu na zenye umbo lililoharibika. Lakini kwa infraredi zilikuwa zawaka kwa nguvu ya majua trilioni moja na zaidi. Katika baadhi yake, karibu nguvu yote ya galaksi ilikuwa yatoka kwa njia ya infraredi, na kidogo tu kwa nuru ionekanayo. Hizo ndizo galaksi zing'aazo mno kwa infraredi, na ndizo tunazozikusudia katika somo hili.

Iliyo mashuhuri na karibu kuliko nyingi ni ile iitwayo Arp 220. Imepata jina hilo katika orodha ya galaksi 338 zenye maumbo yasiyo ya kawaida, iliyotolewa na Halton Arp mwaka 1966. Iko mbali nasi kadiri ya miaka ya nuru milioni 250 hivi. Ndani yake mna viini viwili, vilivyotengana kwa miaka ya nuru kadiri ya 1,200 tu. Viini viwili maana yake ni miji miwili. Arp 220 ni miji miwili ya nyota iliyo katika kuungana kuwa mmoja, na wataalamu wakadiria kwamba kugongana kwake kulianza miaka milioni 700 iliyopita.

Wengi wa galaksi hizi, zilipochunguzwa moja moja, zilikutwa katika hali hiyo hiyo. Kwa hivyo swali la kijana wetu si la upuuzi. Miji ya nyota hugongana kweli, na galaksi hizi ndizo ushahidi wake.

4. Hugongana vipi?

Hapa ndipo watu wengi wapotezwapo na neno. Husikia "kugongana" wakafikiri nyota yapiga nyota, kama magari mawili katika barabara ya Mombasa. Sivyo. Hebu tulitazame jua kuwa ni chungwa, uliweke Malindi mbele ya mnara wa Vasco da Gama. Kwa kipimo hicho, nyota iliyo jirani zaidi na jua italazimu kuwekwa mbali kadiri ya kilomita 2,300, yaani kule Mukalla katika pwani ya Hadhramaut. Baina ya chungwa na chungwa ni bahari tupu. Basi miji miwili ya nyota ipitianapo, nyota zake hupishana kama majahazi mawili katika bahari kuu usiku, hata halijui hili kama limepita lile. Kugusana kwa nyota na nyota ni jambo la nadra mno.

Nini basi kigonganacho? Vitu viwili: mvutano na gesi.

Ama mvutano, sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa sana, kwani twauona kila siku. Mwezi huivuta bahari. Upande wa dunia ulioelekea mwezini huvutwa zaidi, na upande wa nyuma huvutwa kidogo, ndipo maji yakajaa na kupwa. Mwezi na jua vivutapo kwa pamoja, huja bamvua. Nguvu hiyo hiyo hufanya kazi katika galaksi mbili zikaribianapo: upande ulio karibu huvutwa kuliko ulio mbali, na mji wote hunyooshwa. Nyota na gesi hutupwa nje kama mikia mirefu. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mikia hiyo ya ajabu iliyokuwa ikionekana katika picha yatokana na mvutano tu, wala haihitaji sababu nyingine. Bamvua ya Malindi na mkia wa galaksi ni watoto wa mama mmoja.

Ama gesi, hiyo si kama nyota. Kati ya nyota na nyota mmejaa mawingu ya gesi na vumbi, nayo yakikutana hayawezi kupishana. Hubanana, hupoteza mwendo wake wa kuzunguka, na kilichopoteza mwendo wake huanguka kuelekea katikati. Kwa njia hii gesi iliyokuwa imetawanyika katika miji miwili hukusanywa katika uwanja mdogo. Katika Arp 220, katika eneo lenye upana wa miaka ya nuru kadiri ya 5,000 tu, mmesongamana gesi ipatayo gesi yote ya Njia Nyeupe.

Gesi ikisongamana hivyo, nyota huzaliwa kwa haraka ya kutisha. Mji wetu wa Njia Nyeupe hugeuza gesi ya uzito wa jua moja au mawili kwa mwaka kuwa nyota. Galaksi hizi hugeuza uzito wa majua 100 na zaidi kila mwaka. Nyota kubwa katika hizo ni kali, nyeupe kwa moto wake, nazo hutoa nuru nyingi ya urujuanimno.

Lakini nuru hiyo haitoki nje. Mwezi wa mvua, nenda ukasimame mlangoni pa mto Sabaki. Maji yameshuka na udongo wa bara, na bahari yote mbele yako imekuwa nyekundu. Ingiza mkono mpaka kwenye kifundo, vidole hutaviona. Vumbi la galaksi hufanya kazi kama udongo ule. Si vumbi la barabarani. Ni chembe za kaboni na za asili ya mawe, laini kama moshi. Chembe hizo hunywa nuru ya nyota changa, hupata ujoto, kisha huutoa ujoto huo kwa njia ya infraredi. Na ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya vumbi hilo, hata baada ya kupashwa, huwa bado ni baridi kuliko nyuzi 200 chini ya sifuri. Ila ni jingi mno, na jingi lenye ujoto mdogo hushinda dogo lenye ujoto mwingi. Hii ndiyo siri ya galaksi hizi: zimewaka kupita kiasi, na kwa sababu ya vumbi la moto wake huonekana kama zimezimika.

5. Moto wa katikati ni wa nini?

Wanajimu walibishana miaka mingi: je, nguvu yote hii yatoka kwa nyota changa peke yake, au katikati mna kitu kingine? Katikati ya galaksi kubwa huwamo shimo jeusi, yaani kitu kilichosongamana hata nuru yenyewe haiwezi kutoka ndani yake. La mji wetu lina uzito wa majua milioni 4 hivi. Shimo lenyewe halitoi nuru. Lakini gesi iangukayo kulielekea huzunguka kwa kasi, hupata moto mkubwa, na huweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi. Galaksi yenye kiini cha namna hiyo, kikionekana wazi, huitwa kwasa.

Mwaka 1995 nchi za Ulaya zilirusha darubini ya infraredi iliyoitwa ISO, na mwaka 1998 Reinhard Genzel na wenzake walitoa matokeo ya vipimo vyake. Walikuta kwamba katika galaksi nyingi walizozipima, nguvu kubwa yatoka kwa nyota zizaliwazo. Na katika chache, kadiri ya robo, shimo jeusi ndilo lenye kutangulia. Katika nyingi vyote viwili vimo pamoja. Basi waliobishana, kila upande ulikuwa na sehemu ya haki.

6. Fungu la Ngomeni

Sasa turejee kwa mzee wetu aliyesema haya ni mambo ya mbali. Kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, yamesimama baharini majukwaa ya chuma juu ya nguzo. Kila mvuvi wa upande huo ayajua. Jukwaa la San Marco lilijengwa kwa kazi ya Wataliano wa Chuo Kikuu cha Roma, chini ya Profesa Luigi Broglio, na la pili, Santa Rita, ndilo la kuongozea. Mahali hapa palichaguliwa kwa sababu ni karibu na Ikweta, ambapo dunia yenyewe huzunguka kwa kasi ya kadiri ya kilomita 1,670 kwa saa na kuisaidia roketi, na upande wa mashariki ni bahari wazi. Baina ya mwaka 1967 na 1988 vilirushwa hapo vyombo tisa vikaingia katika njia zao za kuizunguka dunia. Tangu hapo roketi za namna hiyo hazikurushwa tena, lakini kituo cha nchi kavu chaendelea kuzifuatilia setilaiti, nacho sasa chaitwa kwa jina la Broglio.

Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, kilirushwa kutoka jukwaa hilo chombo cha Marekani kilichopewa, kwa heshima ya siku hiyo, jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza ulimwenguni kilichotengenezwa kwa kazi ya kuzikagua mbingu kwa miale ya eksirei tu. Miale hii nayo huzuiwa na hewa, na bila ya kutoka nje ya hewa hakuna awezaye kuipokea kutoka nyotani. Chombo hicho kilifanya kazi hata mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kwa msaada wake kitu kiitwacho Cygnus X-1 kilitambuliwa kuwa si nyota ya kawaida, na baadaye kikakubaliwa kuwa ni shimo jeusi. Kiongozi wa wataalamu wake, Riccardo Giacconi, alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Msomaji atasema: yahusu nini na galaksi za vumbi? Yahusu sana. Miale mikali ya eksirei hupenya mahali ambapo nuru ya kawaida hukwama, kama ipenyavyo nyama ikaonyesha mfupa. Uhuru yenyewe haikuziona galaksi zetu hizi. Ilikuwa mwanzo wa njia. Lakini katika njia hiyo hiyo ilirushwa mwaka 1999 darubini ya eksirei iitwayo Chandra, na mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba katika galaksi ya NGC 6240, nayo ni miji miwili iliyo katika kuungana na imejaa vumbi, wameona mashimo meusi mawili, yote mawili yala gesi, yakiwa yametengana kwa miaka ya nuru kadiri ya 3,000. Baada ya miaka mamilioni mengi nayo yatakuwa moja. Mlango wa kuyaona yaliyositirika nyuma ya vumbi ulianza kufunguliwa katika maji tuvuayo samaki, na chombo chenyewe kiliitwa kwa lugha yetu.

7. Mwisho wake huwaje?

Mwaka 1988 Dave Sanders na wenzake walitoa rai juu ya maisha ya galaksi hizi, nayo hata leo ndiyo msingi wa mazungumzo. Kwanza, miji miwili yenye gesi nyingi hukaribiana na kunyoshana mikia. Pili, gesi huanguka katikati, nyota huzaliwa kwa wingi, na vumbi hufunika yote. Hapo ndipo galaksi hung'aa mno kwa infraredi. Tatu, shimo jeusi hupata chakula, hukua, na moto wake pamoja na moto wa nyota hupeperusha gesi na vumbi. Nne, pazia likiondoka, kwasa huonekana waziwazi. Mwisho, chakula huisha, kwasa huzimika, na mara nyingi hubaki mji mmoja mkubwa wa mviringo, wenye nyota nzee na nafasi ndogo ya kuzaa nyota mpya.

Ushahidi wa daraja ya tatu umeonekana. Katika galaksi ya Mrk 231, iliyo mbali kadiri ya miaka ya nuru milioni 600, darubini ya Herschel iliyorushwa na Ulaya mwaka 2009 ilipima upepo wa gesi utokao katikati kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Walakini isidhaniwe kwamba kila galaksi ya vumbi lazima ipite madaraja yote haya. Baadhi yake huenda zisiwe kwasa kamwe. Rai ya mwaka 1988 ni ramani ya safari, na si wote wasafirio hufika bandari moja.

Zama zetu galaksi hizi ni chache sana. Lakini nuru itokayo mbali ni khabari ya zamani, na atazamaye mbali hutazama nyuma. Wanajimu watazamapo nuru iliyotoka miaka bilioni 10 iliyopita, wakati ulimwengu ulipokuwa mchanga na gesi ingali nyingi, hukuta galaksi zenye nguvu kama hii zikiwa nyingi mara mamia kuliko leo. Kadhalika yafaa ijulikane kwamba zama zile gesi ilikuwa ya kutosha hata galaksi nyingine kuweza kuwaka hivyo bila ya kugongana. Nyota nyingi tuzionazo katika galaksi kubwa zilizaliwa katika zama hizo, nyuma ya pazia la vumbi.

8. Jibu kwa kijana na jibu kwa mzee

Kwa kijana twasema hivi. Andromeda na mji wetu zinakaribiana, hilo limepimwa. Mwaka 2012 vipimo vya darubini ya Hubble vilileta hesabu kwamba zitagongana baada ya miaka kadiri ya bilioni 4, na wengi wakaieneza khabari hiyo kuwa ni yakini. Mwaka 2025 wataalamu wengine walihesabu upya, wakaingiza na mvutano wa galaksi jirani, wakakuta kwamba katika miaka bilioni 10 ijayo kugongana huko ni nusu kwa nusu: huenda kukawa, huenda kusiwe. Na hata kukiwa, nyota hazitapigana, kama ulivyoona katika mfano wa machungwa.

Sasa fikiri, ewe mwanetu. Kama mwaka 2012 ungalisema, "Hiki ndicho Kiyama, na tarehe yake ni hii," mwaka 2025 ungalisema nini? Saa ya Kiyama ni katika ghaibu, na wanajimu hawakudai kuijua. Kazi yao ni kupima, kukosea, na kusahihisha. Aifungaye itikadi yake kwenye hesabu ya leo, ajue kwamba hesabu hiyo yaweza kufunguliwa kesho, na itikadi ikaaibika bila ya kosa lake. Adabu ya al-Sufi yatutosha: alikiona kiwingu, akaandika kiwingu.

Na kwa mzee wetu, tulimsomea somo hili kabla ya kulichapisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia. Akasema kwamba alipokuwa kijana Mambrui alisikia ngurumo kutoka upande wa Ngomeni, akauona moshi mweupe ukipanda mbinguni, na watu wakasema Wataliano wanarusha kitu. "Sikumuuliza mtu ni kitu gani," akasema. "Miaka hii yote nilijua moshi tu."

Maneno hayo tumeyaona ni mazito kuliko yote tuliyoyaandika. Kitu kikipita mlangoni pako, na khabari yake ikasomwa ulimwengu mzima, na wewe ukabaki na moshi, hasara ni ya nani? Hesabu na fizikia hazina kabila wala bara. Jamaa zetu wa zamani wakizijua nyota za msimu na za safari, wakijua kilimia kitokapo na kizamapo, wala hawakuliona hilo kuwa ni upuuzi. Watoto wetu, wa kiume na wa kike, wenye masikio ya kuuliza, wasikatwe ulimi kwa neno la "yatakufaa nini".

Maswali ya darasa

1. Kwa nini darubini ya kutafuta infraredi hupozwa, na darubini ya mchana ya baharini haipozwi?
2. Eleza kwa mfano wa bamvua jinsi galaksi mbili zinyoshanavyo mikia.
3. Kwa nini nyota hupishana na gesi haipishani?
4. Chombo cha Uhuru kiliona nini, na ni lipi ambalo hakikuliona?
5. Usiku usio na mbalamwezi, mwezi wa Novemba, mtafuteni Andromeda upande wa kaskazini. Andikeni mlichokiona, wala msiongeze.

Jawabu za swali la tano ziletwe barazani. Tutazisoma zote.